KULIFUFUA JILIWA LA ZAMANI

Mhariri wa kurasa hizi za Kiswahili ameniomba, nikiwa mwanafunzi wa zamani wa shule hii, niandike habari ya kazi ya mikono ambayo kijana aweza kuifanya nyumbani wakati wa likizo. Nimechagua jiliwa, ambalo mafundi wengi hapa Uganda huliita vaisi. Huenda wengine watauliza, kuna nini cha kujifunza katika jiliwa? Nami najibu kwamba katika chombo hiki kimoja mtakuta hesabu, fizikia na kemia ya madarasani kwenu, na tena mtakuta kitu kinachoweza kumlisha mtu.

Kwanza nieleze jiliwa ni nini, kwa ajili ya wale wadogo ambao hawajaingia karakana. Jiliwa ni chombo cha kushikia kitu kwa nguvu ili fundi apate kukipiga tupa, kukikata au kukikunja kwa mikono yake miwili. Lina mwili wa chuma uliofungwa juu ya meza kwa bolti, na mwili huo una taya moja lisilokwenda. Katikati ya mwili hupita gogo la chuma la pembe nne linaloteleza, na mwisho wa gogo hilo ndipo lilipo taya la pili, lile linalokwenda mbele na kurudi. Ndani ya gogo imelala parafujo kubwa, nayo huingia katika nati iliyokazwa ndani ya mwili. Ukizungusha mpini, parafujo hujivuta ndani ya nati na taya hulifuata. Basi, ni hayo tu. Hakuna umeme wala mtambo wa siri, na kila sehemu yaonekana kwa macho.

Jiliwa ninalotaka kuwasimulia lina uzito wa kilo 17, na mataya yake yana upana wa inchi 4. Ubavuni lina neno RECORD kwa herufi zilizoinuka. Vyombo vya jina hilo vilikuwa vikitengenezwa Sheffield, mji wa Uingereza uliosifika kwa kazi za chuma, na rangi yao ya buluu ilijulikana katika karakana nyingi za Afrika ya Mashariki. Hili letu lilikuwa halina buluu hata ya kupakwa kwenye kucha. Lilikuwa jekundu kwa kutu kutoka taya hadi tako.

Lilikuwa mali ya mjomba wangu. Yeye alikuwa fundi katika kiwanda kimoja cha kuchambua pamba huku Busoga, upande wa Iganga. Mbegu za pamba zilianza kugawiwa wakulima wa Uganda mwaka 1903, na kwa miaka mingi pamba ilikuwa ndiyo fedha ya nchi. Lakini baada ya mwaka 1972 zao hilo lilianguka vibaya, na viwanda vingi vya kuchambua vikafungwa milango. Kiwanda cha mjomba kilifungwa pia, na mafundi wakadai mishahara ya miezi ambayo haikulipwa. Wengine walipewa mabati, wengine mbao. Mjomba alipewa jiliwa hili akaambiwa kwamba hesabu yake imekwisha. Akalibeba kwa baiskeli mpaka nyumbani, akalifunga juu ya gogo la mvule, na kwa jiliwa hilo akasomesha watoto sita kwa kutengeneza majembe, baiskeli na kufuli. Alipofariki, jiliwa likabaki nje chini ya mwembe kwa misimu mingi ya mvua.

Sasa, kuna watu wanaopita vijijini na mizani wakinunua vyuma chakavu, na vyuma hivyo huishia katika matanuri, kama yale ya Jinja, viyeyushwe viwe nondo. Mmoja wao aliliona jiliwa akalipima. Fedha aliyotaja ilitosha sukari ya mkaza mjomba kwa mwezi mmoja, naye ni mzee asiye na shamba kubwa. Mjukuu wake, aliyemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani bila kazi, alikuwa akimsihi asiliuze. Nilipofika kuwatazama, mkaza mjomba akaniambia, "Mwanangu, wewe umesoma. Niambie, kitu hiki bado ni chombo au ni chuma tu? Yule mtu atarudi Jumamosi."

Swali lake lilikuwa swali jema kuliko mengi niliyopata kuulizwa na watu waliosoma. Maana jiliwa lenye kutu laweza kupona, lakini jiliwa lenye ufa halifai kushikilia kitu kwa nguvu, na kutu huficha ufa. Ilikuwa Jumanne. Nikamwomba siku hizo chache.

Yafaa mjue sababu ya kuogopa ufa. Mwili wa jiliwa la namna hii ni chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa katika kalibu ya mchanga. Chuma hicho kina kaboni nyingi, baina ya sehemu 2 na 4 katika kila 100, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo imekaa ndani yake kama vipande vyembamba vya grafaiti, ile nyeusi ya ndani ya penseli. Vipande hivyo ni laini, havina nguvu ya kuvutana. Kwa hiyo chuma cha kusubu kikibanwa huvumilia mno, lakini kikivutwa au kikipigwa huvunjika mara moja, bila kupinda kwanza. Nguvu yake ya kubanwa ni mara 3 hadi 4 ya nguvu yake ya kuvutwa. Ufa mdogo ndani ya chuma kama hicho ni mlango uliokwisha funguliwa.

Jaribio la kwanza ni la sikio. Tulipitisha kamba imara chini ya jiliwa, tukalining'iniza kwenye tawi la mwembe, nikaligonga polepole kwa kipande cha mti mgumu. Chuma kizima hulia kama kengele na sauti hukaa kitambo. Chuma chenye ufa hutoa mlio mfupi mzito, kama chungu kilichopasuka, na mama zetu sokoni huujua mlio huo vizuri sana. Lakini jiliwa letu lilitoa sauti ya katikati. Sehemu zake zilikuwa zimegandamana kwa kutu, na kitu kilichogandamana hakiwezi kulia vizuri. Jibu hilo halikutosha.

Jaribio la pili ni la chaki. Njia hii ni ya zamani sana, na mafundi wa reli waliitumia kukagua vyuma vya magari ya moshi. Usugue mahali unapopashuku kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Ulowanishe kwa mafuta ya taa, ungoje robo saa, kisha upanguse kwa kitambaa mpaka pakauke kabisa. Halafu upake unga wa chaki nyeupe na kugonga kidogo karibu yake. Mafuta ya taa ni mepesi, huingia hata katika ufa usioonekana kwa jicho, na chuma kikigongwa hutoka tena na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Mahali pa kuchunguza kwanza ni pembe ya ndani chini ya kila taya, upande unaotazama kitu kinachobanwa. Fikirini wenyewe: kitu kilichobanwa husukuma mataya yaachane, kwa hiyo upande wa ndani wa shingo ya taya huvutwa, na kuvutwa ndiko chuma hiki kisikokupenda. Halafu tazameni kuzunguka matundu ya bolti.

Tulipaka chaki mahali sita. Kijana alishika taa ya simu, mkaza mjomba akaketi karibu juu ya mkeka akijifanya anachambua maharage. Chini ya taya lisilokwenda hakukuwa na kitu. Chini ya taya linalokwenda, mstari ukatokea! Nikaufuta, nikasugua zaidi, nikarudia jaribio lote. Safari hii chaki ilibaki nyeupe. Ule mstari ulikuwa ni mfuo wa kalibu uliojaa rangi ya zamani, na mafuta yalikuwa yamekaa chini ya rangi. Kwa sababu hiyo nawasihi, anayepima kwa chaki apime mara mbili, tena baada ya kuondoa rangi yote mahali pale. Na rangi za zamani zaweza kuwa na risasi ndani yake, ambayo ni sumu. Msiisugue ikiwa kavu mkavuta vumbi lake. Ilowesheni kwanza, na mabaki mkayatupe mbali na kuku na watoto.

Nikamwambia mkaza mjomba kwamba ni chombo. Hakusema neno, akamwambia mjukuu wake aweke chai.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa maana parafujo ilikuwa imeshikamana na nati kama kwamba ni chuma kimoja. Wengi wakifika hapa huchukua nyundo. Nyundo ndiyo imeua majiliwa mengi kuliko kutu. Dawa ya kutu ni subira na mafuta. Tulichanganya mafuta ya taa na mafuta ya injini kidogo, tukayadondosha penye nati na kandokando ya gogo asubuhi na jioni kwa siku nne. Yule mnunuzi alikuja Jumamosi, akalikuta limelazwa juu ya matofali linanuka taa, akaongeza bei. Mkaza mjomba akamjibu kwamba mgonjwa yuko kwenye dawa, hauzwi.

Mafuta peke yake hayakutosha, ikatubidi kutumia moto. Kwanza tulipangusa mafuta yote, tukaosha kwa maji ya sabuni, tukalianika juani siku mbili, kwa sababu mafuta ya taa na makaa ya moto havikai nyumba moja. Halafu tukatandaza makaa mapana, nje, tukaliweka jiliwa juu yake ili mwili upate joto taratibu na sawasawa. Chuma cha kusubu kikipata moto upande mmoja tu huweza kupasuka. Parafujo yenyewe, sehemu iliyotokeza mbele, tuliifunga kitambaa kibichi ili ibaki baridi, lakini tuliangalia sana maji yasidondokee mwili.

Hapa hesabu yaingia. Kila milimita ya chuma huongezeka karibu milimita 0.000012 kwa kila digrii moja ya joto. Tundu la nati lina kipenyo cha milimita 25. Tukilipasha joto digrii 150 zaidi ya parafujo, litaongezeka 25 × 0.000012 × 150, yaani milimita 0.045. Ni kidogo kuliko unene wa unywele! Hata hivyo kutu ni kitu kikavu, hakijui kunyumbuka, na mwendo mdogo kama huo watosha kuuvunja mshiko wake. Tulilipasha joto, tukaliacha lipoe lenyewe, tukatia mafuta, tukajaribu mpini. Tukafanya hivyo siku ya pili, na siku ya tatu. Siku ya tatu mpini ulikwenda upana wa kidole. Kijana alitaka kuuvuta kwa nguvu zote. Nikamzuia. Ukipata upana wa kidole, rudi nyuma upana wa kidole, tia mafuta, nenda mbele vidole viwili, rudi tena. Unga wa kutu ukisukumwa upande mmoja tu hujazana mbele na kushika upya. Ilituchukua kutoka saa nane mchana hadi jua kuchwa kuitoa parafujo yote, na ilipotoka ilikuwa nyeusi, inang'aa kwa mafuta, na hesi zake zilikuwa nzima. Hesi ni ile mifuo inayozunguka parafujo kama nyoka anayepanda mti.

Nilimpa kijana jaribio moja baada ya kuisafisha, nanyi mwaweza kulifanya kwa jiliwa lo lote la shule. Alirudisha parafujo katika nati, akazungusha mpini mara 10, akapima: taya lilikwenda inchi 2, yaani hesi 5 kwa kila inchi, au milimita 5 na nukta kwa mzunguko mmoja. Kutoka katikati ya parafujo hadi mkono unaposhika mpini ni sentimeta 20. Basi mkono ukizunguka mara moja hutembea 2 × 3.14 × 20, karibu sentimeta 126, na taya hutembea nusu sentimeta tu. Uwiano wake ni kama 250 kwa 1. Kama mkono wavuta kwa nguvu ya uzito wa kilo 10, kwa hesabu ya kitabuni taya lingebana kwa uzito wa kilo 2,500.

Kijana akashangaa, akauliza kama ni kweli. Si kweli, na hapa ndipo penye utamu wa somo. Msuguano ndani ya hesi na kwenye bega la parafujo hula sehemu kubwa ya nguvu hiyo, na kinachofika kwenye mataya ni kama sehemu moja katika tano, yaani uzito wa kilo 500 hivi. Mwanafunzi atasema, hasara iliyoje! Lakini jiulizeni, ukiisha kukaza jiliwa ukauachia mpini, mbona hauzunguki kurudi nyuma? Ni kwa sababu ya msuguano ule ule. Parafujo ambayo haipotezi nguvu kwa msuguano ingejifungua mara tu ukiuachia mpini, na fundi angelazimika kuushika kwa mkono mmoja siku nzima. Kwa sababu hiyo grisi ya parafujo na iwe kidogo, ya kuzuia chuma kisilane tu. Sababu nyingine ni kwamba grisi nyingi hukusanya chenga za tupa, na chenga zikichanganyika na grisi husaga hesi kama msasa.

Kutu iliyobaki tuliiondoa kwa umeme, njia ambayo walimu wa kemia huiita elektrolisisi. Tulichukua beseni kubwa la plastiki, maji lita 40, na magadi ya kufulia vijiko vikubwa 8. Magadi yale ya kupikia maharage hayafai, yana chumvi ndani yake, na chumvi ikipitishwa umeme yaweza kutoa gesi ya klorini iliyo sumu. Tuliazima betri ya pikipiki ya volti 12 pamoja na chaja yake. Waya wa hasi uliunganishwa na kipande cha jiliwa, na waya wa chanya uliunganishwa na vipande vya nondo vilivyosimamishwa kandokando, visigusane na jiliwa. Mkikosea mkageuza waya hizo, jiliwa ndilo litakaloliwa badala ya nondo, kwa hiyo tazameni mara tatu. Mapovu madogo huanza kupanda mara moja. Mapovu ya upande wa jiliwa ni haidrojeni, nayo hulipuka, kwa hiyo kazi hii hufanywa nje, mbali na moto na sigara. Msitumie kamwe chuma kisichoshika kutu mahali pa nondo, maana kina kromiamu, ambayo huyageuza maji kuwa sumu mbaya. Na kabla ya kutia mkono majini, zimeni umeme.

Usiku mmoja na mchana mmoja vilitosha. Kutu nyekundu iligeuka kuwa tope jeusi lililotoka kwa brashi kama masizi ya sufuria. Chuma kilichotoka majini hapo ni kitupu kabisa, chaweza kushika kutu mpya kabla hujamaliza kunywa chai, kwa hiyo tulikikausha papo hapo juani na kukipaka mafuta mepesi, tukaacha bila mafuta zile sehemu za kupakwa rangi. Springi na washa ndogo hatukuzitia katika beseni. Vyuma vigumu vyembamba hudhoofishwa na haidrojeni, tukavisugua kwa mkono. Habari ya rangi sina haja ya kuieleza. Kijana alipata buluu iliyobaki kwa mchora mabango, nayo ni buluu ya Record kwa mtu asiyetazama sana.

Bamba za mataya zilikuwa shida kubwa zaidi. Kila taya lina bamba la pua, yaani chuma kigumu cha namna ya patasi, lililofungwa kwa skrubu 2. Bamba moja lilikuwa zima. La pili lilikuwa limelika kingo, lisiweze kushika hata msumari. Tulikata kipande cha springi ya lori, tukakitia motoni na kukiacha kipoe polepole katika majivu usiku kucha ili kilainike, kisha nikakichukua mpaka Katwe, Kampala, kwa fundi aliyekitoboa na kukipiga mistari kwa tupa. Kukifanya kigumu tena tulifanya nyumbani. Chuma kikifika joto la digrii 770 hivi hakivutwi tena na sumaku. Tulikijaribu kwa sumaku ya redio mbovu iliyofungwa kwenye waya mrefu, na kilipoacha kuvuta tukangoja kidogo, kisha tukakizamisha katika mafuta. Halafu tulikirudisha kwenye joto dogo mpaka uso wake uliosuguliwa ukageuka rangi ya majani makavu. Pasipo hatua hiyo ya mwisho pua huvunjika kama kioo.

Na sasa skrubu. Zilikuwa 4, zikatoka nzima 3, na moja kutu ilikuwa imeila shingo, ikakatika. Ikatupasa kuitoa kwa keekee. Kijana alikwenda Iganga akarudi na skrubu mpya ya milimita 8, iliyofanana kabisa na zile za zamani. Iliingia mizunguko miwili ikakwama. Alikuwa tayari kuisukuma kwa spana, nikamwambia asimame, tukaziweka mbili hizo bega kwa bega juu ya kipande cha kioo. Ya zamani ni ya kipimo cha Whitworth, Mwingereza Joseph Whitworth aliyependekeza kipimo chake mwaka 1841. Unene wake ni inchi 5/16, yaani milimita 7.94, na mpya ni milimita 8; jicho haliwezi kuzitofautisha. Lakini ya Whitworth ina hesi 18 kwa inchi, ambazo ni hatua ya milimita 1.41, na mpya ina hatua ya milimita 1.25. Tena pembe ya hesi ni digrii 55 kwa ile na 60 kwa hii. Kila mzunguko zinaachana kidogo, na wa tatu zinagongana. Angeikaza, angezivunja hesi za jiliwa lenyewe, nazo haziuzwi dukani. Kumbukeni jambo hilo kwa mashine zote za zamani mtakazozikuta, cherehani, vinu na pampu: nati ikikataa, uliza kwanza ni ya kabila gani.

Tulilifunga jiliwa juu ya gogo lile lile la mvule, kwa bolti 4 na washa pana. Juu ya mataya panalingana na kiwiko cha kijana akisimama wima, na hicho ndicho kipimo chake. Likiwa chini mno mgongo huuma, likiwa juu mno tupa haina uzito. Taya la nyuma limetokeza nje kidogo ya ukingo wa gogo, ili bomba refu liweze kushikwa likiwa limesimama. Kwa kazi laini kijana amekunja vipande viwili vya bati la aluminiamu vya kuvika mataya.

Amri moja tu nilimwekea, asiongeze bomba juu ya mpini. Mpini wa sentimeta 20 ukirefushwa uwe wa 60, mkono ule ule utabana mara 3, yaani kilo 1,500 badala ya 500, tena mtu mwenye bomba refu havuti kwa mkono, huvuta kwa mwili mzima. Watengenezaji walipima urefu wa mpini kwa kusudi. Ni fyuzi ya jiliwa.

Kazi ya kwanza iliyoletwa ilikuwa ekseli ya baiskeli ya mwuza maziwa, na ya pili panga lisilo na mpini. Wiki ile ile kijana alimnunulia bibi yake sukari, nusu kilo, akaiweka mezani bila kusema kitu. Mnunuzi wa vyuma chakavu bado hupita, na siku hizi huacha mizani yake itengenezwe ndoana.

Jambo moja limebaki. Bamba la taya la mbele bado lashikwa na skrubu 1, nalo hucheza kidogo likibana kitu chembamba. Nahitaji skrubu 1 ya Whitworth ya inchi 5/16, yenye kichwa bapa cha kuzama, urefu usiopungua milimita 20. Kama yuko mzee wa shule mwenye mkebe wa skrubu za mashine za zamani, tafadhali autazame, na akiipata amletee mhariri, naye anajua nyumbani kwangu.